Viatu vya Beibit

Viatu vilikuwa vimelowa tena.

Kamshat alisimama mlangoni, pumzi bado hazijatulia, akavitazama. Viatu vya mbio vya kiume, rangi ya machungwa, namba arobaini na tatu, vimepangwa pale pale vinapokaa siku zote, chini ya ndoano za makoti. Theluji iliyoganda kwenye meno ya soli ilikuwa ikiyeyuka taratibu na kufanya kidimbwi kwenye vigae. Kisigino cha kushoto kilikuwa na lile pengo lililoungua siku Beibit alipovianika juu ya bomba la joto akapitiwa na usingizi.

Beibit alikuwa mume wake. Alikuwa amekufa miezi kumi na minne iliyopita.

"Mbona unasimama mlangoni kama mgeni?" sauti ya mama mkwe wake ilitoka jikoni. "Ingia, chai inapoa."

Bi Kulyash alikuwa ameketi mahali pake dirishani, kilemba cheupe kichwani, fimbo imeegemezwa mezani. Mbele yake kulikuwa na chai ya maziwa na bakuli la maandazi. Tangu theluji ya kwanza ya Novemba hakuwa ameonekana akivuka mlango wa nyumba ile. Magoti yalikuwa yamemkataa. Mkate, dawa, maziwa, vyote aliletewa na Kamshat.

"Mama, viatu vya Beibit vimelowa."

"Nimesikia."

"Ni mara ya nne wiki hii."

Bi Kulyash alimega andazi, akalichovya, akalitafuna bila haraka. "Basi amerudi."

"Mama!"

"Umeuliza, nimekujibu. Unadhani ni wewe peke yako unayekimbia katika nyumba hii?"

Kamshat aliketi. Vidole vyake vilikuwa vinawasha kama vimeguswa na upupu, maana ndivyo baridi ya Astana inavyokutoka mwilini, kwa maumivu. Alitaka kucheka, akashindwa. Yeye alikuwa mpima macho katika duka la miwani. Kutwa nzima aliwaambia watu wanachokiona na wasichokiona. Lakini tangu mwezi wa Desemba, kila alipokimbia kandokando ya mto Esil asubuhi, alisikia hatua nyuma yake. Akisimama, zinasimama. Na mara mbili, aliporudi, alikuta kwenye theluji mpya karibu na nyumba alama za soli anazozijua, zenye pengo kwenye kisigino cha kushoto.

Hakuwa amemwambia mtu.

"Kesho ni Jumapili," Bi Kulyash alisema. "Unakimbia na yule fundi wa lifti."

"Anaitwa Sayan."

"Jina lake nalijua. Najua na alichokuambia Jumapili iliyopita. Ukuta wa ngazi ni mwembamba, bibie, na kwangu kilichokufa ni mguu, masikio ni mazima." Bi Kulyash aliweka kikombe chini. "Sikugombezi. Nakuuliza jambo moja tu. Beibit nimwambie nini?"

Kamshat aliinuka. Alichukua kitambaa akaenda kufuta maji mlangoni.

*

Sayan alikuwa anamsubiri chini, akirukaruka kwenye theluji, mdomo na pua vimefunikwa kwa kitambaa cha sufu. Macho ndiyo yaliyoonekana, na kope zilikuwa zimeshageuka nyeupe.

"Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri," alisema. "Ukitaka tusikimbie leo, mimi sitamwambia mtu."

"Marathoni ya Aprili haitanisubiri."

"Mimi nitakusubiri."

Aliyasema kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Kamshat alijishughulisha kukaza vyuma vya kuzuia utelezi chini ya viatu vyake ili asiyatazame.

Walijuana Oktoba, lifti ya jengo ilipokwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Sayan alipofungua mlango kwa nguvu alimkuta mwanamke ameketi sakafuni, ametulia, anafunga kamba za viatu vya mbio. "Huogopi?" alimuuliza. "Nimeshaogopa yote niliyopewa," Kamshat alimjibu. Jumapili iliyofuata Sayan alikuwa chini ya jengo, amevaa kaptura juu ya suruali ya joto kama mwehu, anasema naye anajifunza kukimbia. Na wiki moja iliyopita, baada ya kilomita ishirini na nane, huku mvuke unamtoka mwilini kama farasi, alimwambia kwenye ngazi za nyumba yao: "Kamshat, nioe mimi au nikuoe wewe, chagua lolote, lakini nisirudi kwangu peke yangu tena."

"Niache nimalize kilomita thelathini," alikuwa amemjibu. "Jumapili nitakuambia."

Ndiyo Jumapili yenyewe hii.

Mto ulikuwa umelala chini ya barafu, na juu ya barafu ukungu ulikuwa mzito hata taa za kando ya njia zilionekana kama zinaning'inia hewani bila nguzo. Mji wote ulikuwa umenyamaza. Maghorofa ya ng'ambo yalikuwa yamefutika. Kilichosikika ni vyuma vyao vikiuma theluji, kruu, kruu, kruu, na pumzi.

Kwa kilomita kumi hawakuzungumza. Walipita mashua zilizopinduliwa, wakapita mzee aliyekuwa anachimba tundu la kuvulia samaki katikati ya mto, ambaye hakuinua kichwa. Kwenye kilomita ya kumi na tano walivuka daraja kubwa, wakaanza kurudi kwa ng'ambo, upande ambao Jumapili huwa hauna mtu.

Hapo ndipo zilipoanza.

Kamshat alizisikia kwanza kama mwangwi. Kisha akagundua hazilingani na za kwao. Zilikuwa hatua ndefu zaidi, za mtu asiyechoka, na moja nzito kuliko nyingine, kana kwamba kisigino kimoja kinaangukia vibaya. Alikaza meno. Hakugeuka. Alikuwa amejizoeza kutogeuka.

"Umenyamaza sana," Sayan alisema.

"Nahesabu pumzi."

"Kamshat." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na wewe unamsikia?"

Kamshat alisimama ghafla hata nusura aanguke. Sayan naye alisimama. Nyuma yao, ndani ya weupe, kruu moja zaidi, kisha kimya.

"Tangu lini?" Kamshat alinong'ona.

"Tangu kabla ya mwaka mpya."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Mwanamume anamtaka mjane, halafu anamwambia, samahani, kuna mtu anatufuata anakimbia kama marehemu? Ungesema nimetafuta njia ya kukukimbia."

"Anakimbia kama marehemu? Wewe ulimwona wapi Beibit akikimbia?"

Sayan alivuta kitambaa chini ya kidevu. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa baridi, na ulionekana wa mtu aliyekesha. "Simjui Beibit. Nakujua wewe. Hatua zile zikianza, mwendo wako unabadilika. Unapunguza. Unampisha aje ubavuni kwako. Mimi niko huku kulia, Kamshat, na kila Jumapili wewe unaacha nafasi kushoto."

Maneno yale yalimwingia kama maji ya mto. Alitazama chini. Kushoto kwake kulikuwa na theluji safi, upana wa mtu mmoja, isiyo na alama yoyote. Kweli. Alikuwa amekimbia pembeni ya njia kama mtu anayemgawia mwingine nafasi.

"Unataka nimfukuze?" alisema, na machozi yakamtoka yakaganda kabla hayajafika shavuni. "Alitoka asubuhi kama hii, barafu ya Novemba bado changa. Akaniambia chemsha maji ya chai, narudi. Nilichemsha maji, Sayan. Niliyachemsha mara sita. Wakampata Aprili, barafu ilipoyeyuka. Nikimfukuza mimi, ataenda wapi?"

"Sikuambii umfukuze."

"Unaniambia nini basi?"

"Nakuambia niko hapa. Kama ni wa kukimbia watatu, tutakimbia watatu. Ila nataka nijue kama mimi ni mmoja wa hao watatu, au ni mtu wa kukusindikiza tu usiogope."

Kamshat aliitazama ile theluji safi ya kushoto.

"Sawa," Sayan alisema polepole. "Twende. Tukisimama zaidi tutaganda."

Wakaenda. Na zile hatua zikaenda nao, kilomita nzima, kilomita ya pili, zikiwa mbali kidogo, kisha karibu, karibu kiasi kwamba Kamshat alihisi nywele za shingoni zinasimama chini ya kofia ya sufu. Kisha zikaishia kama zilivyoanza. Jua lilikuwa limepanda nyuma ya ukungu, na kwa kitambo kidogo walioneshwa yale ambayo baridi kali huonesha: jua la katikati, na jua moja la uongo kila upande, yote matatu yamepauka, yanawatazama.

*

Kwenye kilomita ya ishirini na tisa walifika daraja la waenda kwa miguu, lile linalowarudisha upande wa nyumbani. Miguu ya Kamshat ilikuwa imeshakuwa si yake. Aliteremka kutoka darajani akiwa ameinamisha kichwa, na kwa sababu hiyo ndiye aliyeziona.

Alama. Mpya, kingo zake bado kali. Soli ya meno, namba arobaini na tatu, kisigino cha kushoto kina pengo.

Hazikufuata njia. Ziliiacha njia, zikashuka ukingoni, zikaingia juu ya barafu.

"Usiende," Sayan alisema.

Alikuwa ameshakwenda.

Mahali pale kila mtu alipajua. Bomba la maji ya moto linamwaga mtoni chini kidogo ya daraja, na hata Januari, malori yanapopita juu ya mto kwingine, hapo barafu hubaki nyembamba kama sahani. Baada ya Beibit walichomeka fito zenye vitambaa vyekundu kuzunguka sehemu ile. Mvuke ulikuwa unapanda, na Kamshat hakuona fito hadi alipozigusa. Alama za viatu zilipita katikati yake na kuendelea.

Na mbele, hatua kama kumi na tano, alisimama mtu. Amewapa mgongo. Amevaa koti la bluu lenye mstari mweupe mabegani, kofia ya koti imevutwa kichwani. Koti ambalo Kamshat alilikunja kwa mikono yake mwenyewe na kuliweka juu ya kabati.

Dunia ilimwishia. "Beibit?" alisema.

Nyuma yake alisikia Sayan akivuta pumzi kama mtu aliyepigwa.

Mtu yule hakugeuka. "Usipige kelele," alisema. "Namsikiliza."

Ilikuwa sauti ya Bi Kulyash.

Chini ya miguu yao barafu ililia, mlio mrefu kama wa mlango mkubwa unaofunguliwa mbali sana. Sayan alimshika Kamshat mkono. "Mimi ni mzito," alisema haraka haraka. "Nikienda sote tunazama. Lala kifudifudi, nyoosha mikono, tambaa. Mimi nitalala nyuma yako, nitakushika vifundo vya miguu. Barafu ikikatika nitakuvuta. Umenisikia? Sikuachii."

Kamshat alilala. Baridi ilipenya koti, ikapenya fulana, ikamfikia mfupa wa kifua. Akatambaa. Alihisi mikono ya Sayan imekaza vifundo vyake, na pumzi yake ikihema nyuma. Maji yalikuwa yanapita chini ya uso wake. Aliyasikia yanavyobwabwaja, yana haraka, kama watu wanaosemezana chumba cha pili.

"Mama," aliita. "Geuka unione."

"Nilisema nije mwenyewe nimuulize," Bi Kulyash alisema, bado anatazama mbele, kwenye maji meusi yaliyokuwa yanatoa moshi. "Nimekuja wiki nzima. Wewe ukitoka, natoka. Nikavaa viatu vyake anijue. Leo nikavaa na koti. Nikasema nimuulize kama niwaache muoane. Hajibu, Kamshat. Mwanangu hanijibu."

"Mama, na mimi namsikia."

Yule mwanamke mzee aligeuza kichwa. Uso wake ndani ya kofia ile kubwa ulikuwa mdogo kama wa mtoto. "Unamsikia wewe?"

"Namsikia. Kila nikikimbia."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anakimbia tu."

"Amechoka?"

Kamshat alitikisa kichwa, shavu lake likikwaruza barafu. "Hapana, mama. Hajachoka. Anakimbia vizuri."

Bi Kulyash alifikiri. Barafu ililia tena, na kipande chembamba karibu na kiatu chake kikazama nusu, maji yakapanda juu yake. Hakuonekana kujali.

"Anasikia baridi?"

"Sisi ndio tunaosikia baridi," Kamshat alisema, na sauti ikamkatika. "Nipe mkono, mama. Nyumbani hakuna mtu wa kunifungulia mlango ila wewe."

Kisha Bi Kulyash, kwa shida, akapiga magoti yale yaliyomkataa, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono. Kamshat aliukamata. Ulikuwa mgumu kama mti.

"Vuta!" alipiga kelele, na Sayan akavuta, akawavuta wote wawili nyuma, shubiri kwa shubiri, hadi wakavuka fito nyekundu.

*

Sayan alimbeba Bi Kulyash mgongoni hadi nyumbani, ghorofa ya saba, hakuthubutu kungoja lifti anayoitengeneza mwenyewe. Vidole vya miguu vya Bi Kulyash vilikuwa vyeupe kama nta. Daktari alipigiwa simu, akasema yuko njiani. Sayan alipiga magoti sakafuni jikoni, akamvua vile viatu vya machungwa na soksi jozi tatu, akaingiza miguu ile katika beseni la maji ya uvuguvugu.

"Usisugue," alimwambia Kamshat. "Maji tu. Ikianza kuuma ni heri."

"Imeshaanza," Bi Kulyash alisema kwa hasira. "Wewe ulijifunza wapi?"

"Tunafanya kazi juu ya mapaa, mama, majira ya baridi."

"Hm."

Chai ilimiminwa. Mabomba ya joto yalikuwa yanagonga ukutani. Kamshat aliketi karibu na mama mkwe wake, mikono yake yote miwili imemzunguka, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba alihisi kitu kikilegea kifuani. Hatua zilikuwa na mwenyewe. Zilikuwa za mama huyu, masikini, na viatu vinavyompwaya.

"Umetutisha leo," alimwambia kwa upole. "Ulifikaje hadi kule ng'ambo? Tumekusikia nyuma yetu kilomita mbili nzima."

"Ng'ambo gani?"

"Kule ng'ambo ya mto. Baada ya daraja kubwa."

Bi Kulyash alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. "Mwanangu, kutoka mlangoni hadi mtoni napumzika mara tatu. Darajani sijakanyaga huu mwaka wa pili. Mimi na fimbo yangu tukukimbilie wewe?"

Sayan alikuwa amesimamisha mkono juu ya beseni. Macho yake yalikutana na ya Kamshat, na katika macho yale aliona kwamba naye anakumbuka: hatua ndefu, za mtu asiyechoka.

Sayan hakuangalia pembeni. Hakutafuta maneno ya kulieleza jambo lile likaeleweka. Aliongeza maji ya moto kidogo kwenye beseni, akayakoroga kwa kiganja, akasema, "Basi Jumapili ijayo nitakimbia nyuma kidogo. Njia ni nyembamba kwa watatu."

Miezi kumi na minne watu walimwambia Kamshat sahau, jipe moyo, dunia inaendelea. Hakuna aliyewahi kumwambia nitapisha.

"Hapana," alisema. "Utakimbia hapo hapo ulipo. Kulia kwangu."

Bi Kulyash alikuwa anawatazama, mmoja baada ya mwingine, bila kupepesa. Alikunywa chai yake yote, akakifunika kikombe kwa kiganja kuonesha ametosheka. Kisha akajiweka sawa, mgongo ukanyooka, na akaongea kwa sauti ambayo Kamshat hakuwa ameisikia tangu mazishi, sauti ya mwenye nyumba.

"Wewe kijana. Baba zako saba ni nani?"

Kamshat aliinua kichwa kwa mshtuko. Damu ilimpanda usoni. Katika nchi ile hakuna mwanamke mzee anayemuuliza mwanamume jambo hilo kwa kupitisha wakati. Wanaouliza ni wazee wenye binti wa kuoza, wapate kujua kama damu hazijakutana ndani ya vizazi saba.

Sayan naye alielewa. Alifuta mikono kwenye suruali, akakaa vizuri kwa magoti, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Mimi ni Sayan wa Kairat," alianza. "Kairat wa Ospan. Ospan wa Tolegen. Tolegen wa Musabek. Musabek wa… wa Baizak."

"Watano. Endelea."

"Baizak wa…"

Alitazama dari. Alitazama beseni. Kamshat aliuma mdomo.

"Mama, nimekimbia kilomita thelathini. Akili imeganda."

"Sikukuuliza ulichokimbia. Siozi mwanangu kwa mwanamume wa baba watano. Simu unayo?"

"Ninayo."

"Mpigie baba yako."

Sayan alitoa simu mfukoni, skrini imeshika ukungu, akaipangusa kwa kifua. Iliita mara tatu. Sauti nzito ya mzee ikajaza jikoni: Kuna nini mwanangu, Jumapili asubuhi, umeumia?

"Sijaumia, baba. Nataka kukuuliza. Baba yake Baizak alikuwa nani?"

Kisha sauti ile ikabadilika, ikawa ya mtu anayeinuka kitini. "Nani anataka kujua?"

Sayan alishusha simu, akamtazama Kamshat. Hakumuomba kitu. Alimtazama tu, kope zake bado mbichi kwa barafu iliyoyeyuka, akangoja.

Kamshat alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Asalaam aleikum, baba," alisema. "Ni mimi ninayetaka kujua. Naitwa Kamshat."